Gurudumu la Mbele, Kushoto

Tarehe 4 Februari

Mjomba wangu, Fundi Mkuu,

Shikamoo. Nimeamua kukuandikia kwa sababu simu nayo ni kazi bure. Ukiulizwa habari za afya unajibu habari za mvua, na mimi sina koo la kupiga kelele mpaka majirani wajue mambo yetu. Masikio yako yameliwa na nyundo za wanyoosha bodi, lakini macho unayo, basi soma.

Hapa hatujambo kwa namna yetu. Mimi na cherehani yangu tunakimbizana na mapazia, siku hizi nimepata wateja wa maofisini, watu wanaotaka pazia lifike kabla kitambaa hakijakatwa. Mama mguu unamsumbua kukiwa na baridi. Anatembelea fimbo, ila ulimi wake hauhitaji fimbo yoyote. Baba amehamia kabisa kile chumba cha uani. Anakula huko, anasikiliza redio yake huko. Mwezi huu inatimia miaka miwili tangu agonge ukuta wa daraja na mama akavunjika mguu, na mpaka leo mama hamsemeshi. Akitaka kumwambia neno ananiambia mimi: "Mwambie huyo mwenzako chai ipo." Na mwenzangu mwenyewe yuko hatua tano, anasikia kila kitu!

Sasa mama ameniambia umempakia rangi chumba na kwamba anahamia kwako. Nilidhani anakwenda kutembea. Kumbe ni kuhama, mjomba, ameanza hata kutenga masufuria. Nikamuuliza, na baba je? Akasema, "Baba yako alisinzia na mimi nimekaa kando yake. Sitazeeka na mtu aliyesinzia." Nimekosa usingizi tangu siku hiyo. Mimi ni mtoto wao mmoja, wakigawana nyumba mimi nitakaa upande gani?

Hayo tuyaache kidogo. Nimelitoa lile gari la ajali chini ya turubai ili nipelekee mapazia. Lina miaka miwili halijatembea tangu bodi inyooshwe. Linawaka, linakwenda, lakini baada ya mwendo mfupi linakuwa zito kama linavuta mzigo, na gurudumu la mbele kushoto linatoa harufu ya kuungua. Fundi wetu wa mtaani, yule Mapengo, alisema ni pedi za breki, akaweka mpya. Bado. Akasema ni kutu, akasafisha kila kitu. Bado. Akaagiza kalipa, ule mkono wa chuma unaobana diski, akafunga. Bado! Sasa ameanza kusema gari lina mkosi. Nisaidie wewe kabla hajaniletea mganga.

Mpwa wako


Tarehe 19 Februari

Mpwa wangu mwenye maneno,

Marahaba, na hayo masikio yangu yaache yapumzike, yamefanya kazi kuliko wewe. Mimi mzima. Magoti yanalalamika, nayanyamazisha kwa mafuta. Tangu mke wangu afariki nyumba hii imekuwa kubwa sana, nakaa jikoni nikipika chakula cha mtu mmoja kwenye sufuria la watu sita. Ndiyo maana nimefurahi mno dada yangu anakuja. Chumba nimekipaka rangi ya maziwa na nimemwekea kitanda cha chini asiumize mguu. Usihuzunike. Mama yako anahitaji kutulia, na hapa atatulia.

Tuje kwenye gari. Mwambie Mapengo fundi habadilishi vitu kama mtu anayejaribu viatu dukani. Fundi anauliza kwanza. Fanya hivi. Liendeshe mwendo wa dakika ishirini bila kukanyaga breki sana, kisha lisimamishe na ukaribishe kiganja kwenye kila gurudumu, usiguse chuma, utaacha ngozi. Litakalokuwa na joto kuliko mengine ndilo linaloshika. Linyanyue kwa jeki, weka na stendi au gogo imara, usimwamini jeki kama mchumba. Lizungushe kwa mkono. Kama limeshika, chukua spana ndogo ulegeze ile nati ya kutolea upepo nyuma ya kalipa. Hapo ndipo gari litasema ukweli. Mafuta ya breki yakiruka na gurudumu likaachia, basi kuna mgandamizo umenaswa ndani na wala si kutu. Yasiporuka na gurudumu likabaki gumu, basi kweli ni chuma kimekwama na Mapengo atakuwa amepatia kwa bahati.

Na baba yako asikuingilie. Mimi namheshimu, ni shemeji yangu, watoto wa shule walimwita Polepole miaka thelathini kwa uendeshaji wake wa basi. Lakini siku ile alichoka, akasinzia, ndiyo uzee. Unakumbuka alivyojitetea? Eti alipokanyaga breki gari lilimvuta kulia, alipoachia likamvuta kushoto. Nikamwambia mbele ya watu, shemeji, gari halina mioyo miwili. Watu walicheka, hata yeye alitabasamu.

Nijibu upesi. Kazi isiyoisha hunikosesha raha.

Mjomba wako


Tarehe 11 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa na mapazia kumi na nane ya ofisi moja, na mwenye ofisi alibadili rangi mara mbili. Mama anakusalimu. Ameshafunga sanduku moja. Nikilifungua kutafuta kitu ananiambia, "Usinivurugie safari." Baba hakusalimu, lakini nilipomwambia nakuandikia alizima redio.

Nimefanya ulivyosema, na Mapengo alikuwa shahidi. Magurudumu matatu yalikuwa vuguvugu. La kushoto mbele sikuweza kuweka kiganja karibu. Tukaliinua, likagoma kuzunguka, nikalisukuma kwa mguu, wapi! Mapengo akalegeza ile nati, mafuta yakaruka yakamwingia kwenye shati, na hapo hapo gurudumu likaachia, likazunguka laini kabisa. Alisema, "Mjomba wako mchawi." Nikamwambia uchawi wenyewe ni kuuliza.

Lakini kuna jambo lingine, na ndilo linalonifanya nitembee chumba hiki mbele na nyuma. Nikirudi kutoka kwenye lile jaribio, kwenye kona ya kiwanda cha matofali, mbuzi alikatiza. Nikakanyaga breki. Mjomba, gari lilinivuta kulia. Nikaachia breki, nikahisi usukani unaniponyoka, likanivuta kushoto, karibu niingie mtaroni. Kulia, halafu kushoto. Nilisimama pembeni, mbuzi amenikodolea macho.

Mimi sikusinzia. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na nilikuwa nimekunywa chai mbili.

Niambie kama fundi, usiniambie kama mjomba: gari linaweza kuvuta hivyo? Kwa sababu kama linaweza, basi tumemkalisha mtu uani miaka miwili bure. Sijamwambia mama. Nataka nisikie kwako kwanza, maana yeye anaamini neno lako kuliko daktari.

Mpwa wako


Tarehe 30 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa mvua zimeanza, paa la jikoni linavuja mahali pawili, nimeweka ndoo. Mwambie mama yako asiwe na wasiwasi, chumba chake ni kikavu.

Kwa kuwa gurudumu liliachia, kalipa haina kosa. Mgandamizo unanaswa mahali fulani kati ya pedali na gurudumu. Jaribu hili. Gurudumu likishashika tena, usiguse ile nati ya chini. Panda juu, pale bomba la chuma linapokutana na mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, ulegeze kiungo hicho. Gurudumu likiachia, tatizo liko juu, kwenye pampu kubwa. Likibaki limeshika, tatizo ni mpira. Mipira huzeeka. Gari limekaa miaka miwili, panya nao wapo. Weka mpya, toa upepo, endelea na kazi zako.

Usiendeshe tena mpaka umalize.

Mjomba wako


Tarehe 16 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako ilikuwa fupi, nikaigeuza nyuma nikidhani kuna inayoendelea. Swali langu hukulijibu. Nilikuuliza kuhusu kulia na kushoto, wewe ukanijibu kuhusu ndoo.

Ni mpira. Tulilegeza juu, gurudumu likabaki gumu kama jiwe. Tulilegeza chini, likaachia. Mapengo akaufungua mpira, akanipa mkononi. Kwa nje ni mzima, hauna ufa hata mmoja, ila katikati, kwa upande uliokuwa umegeukia ndani, una mistari miwili ya alama, kama umeumwa na meno madogo. Panya hawaumi kwa mstari ulionyooka namna ile. Tukaukata kwa wembe. Ndani, pale pale penye alama, ngozi ya mpira imepasuka na kuinuka, imekuwa kama mlango mdogo. Ukikanyaga breki, mafuta yanasukuma mlango taratibu na kupita, kwa hiyo gurudumu la kushoto linachelewa na gari linakwenda kulia. Ukiachia, mlango unajifunga, mafuta hayarudi, gurudumu la kushoto linabaki limebanwa na gari linakwenda kushoto. Mapengo ndiye aliyenieleza, na alieleza kwa vidole vyake mpaka nikaelewa. Kwa hiyo gari lina mioyo miwili, mjomba.

Akasema alama hizo ni za koleo. Mtu aliubana mpira kwa koleo wakati wa kubadilisha kitu, ili mafuta yasimwagike. Akaniuliza, "Nani kwenu anafanya kazi ya kizamani hivyo?" Nikasema sijui.

Nilimpelekea baba uani. Aliushika, akapitisha kidole gumba kwenye zile alama. Kisha akanirudishia, akasema, "Tia mpira mpya, mwanangu, na usiulize mengi." Akaenda kunawa mikono, ingawa mpira ulikuwa mkavu.

Mama ataondoka tarehe ishirini Juni. Tikiti ya basi ameshakata.

Nasubiri jibu lako.

Mpwa wako


Tarehe 28 Mei

Mjomba,

Wiki sita. Nimekwenda posta mpaka karani ananiita shemeji.

Sikusalimii vibaya, shikamoo, lakini sina subira ya kuulizia paa lako. Nimeukumbuka mwezi ule wa ajali. Ulikuja kututembelea, ukaona kalipa inavuja, ukasema huwezi kulala kwenye nyumba yenye gari bovu. Ulivua shati, ukalala chini uani. Mimi nilikuletea maji. Nililiona lile koleo limening'inia kwenye mpira, nikakuuliza limefuata nini huko, ukacheka: "Hii ndiyo siri ya babu yako, gereji nzima hakuna tone linalodondoka." Ukaondoka Jumatano. Jumanne iliyofuata baba alimpeleka mama kwa daktari wa macho, na wakaishia ukutani mwa daraja.

Baba anajua. Amejua tangu siku aliposhika mpira, na hasemi, kwa sababu wewe ni kaka wa mkewe na yeye ni mtu wa heshima zake. Nimemuuliza mara tatu. Mara ya tatu alinifukuza uani, baba yangu ambaye hajawahi kufukuza hata kuku.

Mimi naweza kumwambia mama leo, mpira ninao kwenye droo ya cherehani. Lakini ataniambia namtetea baba yangu, na atakuwa na haki ya kufikiri hivyo. Wewe ndiye uliyemwambia gari halina kosa. Basi wewe ndiye utakayemwambia lina kosa la nani. Masanduku yapo mlangoni, matatu, yamefungwa kamba. Zimebaki siku ishirini na tatu. Akiondoka kwa tikiti hiyo harudi tena, na unajua.

Nina hasira na wewe, na ninakupenda, na sijui nianzie wapi.

Mpwa wako


Tarehe 7 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua zako zote zilifika. Ile ya mwezi wa nne niliisoma nimesimama, nikakaa, kisha nikaisukuma chini ya godoro kama mtoto aliyevunja kikombe. Nimeandika majibu manne na nimeyachana yote. Hili sitalichana.

Koleo lilikuwa langu. Marehemu babu yako alitufundisha hivyo sote pale gerejini. Alikuwa akisema, ukiona sakafu ya fundi imelowa mafuta, huyo si fundi, ni mkaanga samaki. Mafundi wengine walitucheka, nasi tukawacheka kwa sakafu zao chafu. Lakini mzee alikuwa na sharti: funga kitambaa mara tatu kwenye meno ya koleo, na usibane zaidi ya kiganja kinavyokuruhusu. Siku ile kitambaa kilikuwa mfukoni, na mimi nilikuwa nawahi basi. Nilibana bila kitambaa. Nilipoliondoa koleo niliziona alama. Nilizipangusa, nikauzungusha mpira kidogo ili alama zitazame ndani, nikafunga gurudumu. Nikajiambia mpira ni mnene, utavumilia.

Hilo ni kosa, na kosa la mkono lingesameheka. Sikiliza lililonila miaka miwili.

Baada ya ajali mliniita nilikague gari. Nililala chini yake peke yangu, nikapeleka mkono nyuma ya gurudumu, nikazigusa zile alama kwa kidole. Nilichotakiwa kufanya ni kuufungua mpira na kuukata, kazi ya nusu saa. Sikuukata. Mtu mwenye moyo mweupe haogopi kukata mpira. Nikatoka, nikajifuta vumbi, nikasema mbele ya wote kwamba gari halina kosa. Baba yako akaeleza lilivyomvuta, nikamfanyia mzaha. Nilijua anasema kweli, maana hakuna anayeweza kubuni jambo kama lile. Nilimcheka ili wengine wasimsikilize.

Kisha nikaenda wodini. Dada yangu alikuwa amelazwa, mguu umening'inizwa kwa kamba. Alinishika mkono, akaniuliza, "Kaka, niambie kweli. Ni gari au ni yeye?" Nikamwambia, ni yeye.

Naona aibu kubwa mno. Nilipoteza mke wangu mwaka uleule, na dada yangu aliposema atakuja kukaa nami nilifurahi, nikapaka chumba rangi, nikijua kabisa namchukua kutoka kwa nani na kwa uongo gani. Ndiyo maana nilinyamaza wiki sita. Niliogopa kubaki na nyumba hii. Niliogopea pia jina langu, lakini zaidi niliogopa nyumba.

Basi waketishe wote wawili. Isome barua hii kwa sauti, usiruke neno, hasa la wodini. Kisha mwambie shemeji yangu kwamba sina cha kumlipa. Akitaka kunitukana namwomba anitukane, nitapokea. Dada yangu asije kwangu. Hakutakuwa na mtu mwema wa kumpokea.

Mjomba wako


Tarehe 18 Juni

Mjomba, shikamoo.

Nimesoma. Baba alikataa kuingia sebuleni mpaka nilipomwambia ni barua ya shemeji yake, ndipo akaenda kuvaa shati. Alikaa kiti cha karibu na mlango, kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Mama alikaa na fimbo yake mapajani. Nilipofika pale wodini niliishusha barua mapajani. Mama akasema, "Soma." Nikasoma. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia: "Ni yeye."

Halafu mama akamgeukia baba, akamsemesha mwenyewe, bila kupitia kwangu.

"Ulijua?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungeniamini?"

Mama alilia, mjomba. Hakulia hivyo hata mguu ulipovunjika. Kisha akainuka, akaenda uani na fimbo yake, akarudi ameikumbatia ile redio ya baba, waya unaburuta chini, akaiweka mezani sebuleni. Nilifikiri mambo yamekwisha, nikaanza kufuta machozi yangu. Baba akasimama, akaichukua redio yake, akasema kwa upole, "Mimi sijasema nimerudi." Akaondoka nayo.

Tuliishi hivyo siku nne. Usiniulize zilikuwaje. Mama alipika mwenyewe na kupeleka sahani uani mwenyewe, na mguu wake huo. Siku ya kwanza baba alipokea mlangoni. Siku ya pili alimwambia, "Utaanguka, kaa." Siku ya nne nilisikia wanagombana kuhusu chumvi, wao wenyewe kwa wenyewe, kwa sauti, nikaacha cherehani nikasikiliza kama muziki.

Sasa lisikie lako. Tikiti ya basi mama ameichana. Anasema atakuja kwako vilevile, kwa sababu ana neno na kaka yake na neno hilo haliandikiki. Lakini si kuhama, masanduku mawili tumeyafungua, limebaki moja la nguo za wiki mbili. Na hataki basi. Alisema sebuleni, akitazama ukuta, "Kama humu ndani kuna dereva, mimi nitakaa mbele." Kesho yake nilimkuta baba anaosha gari, na leseni yake iko kwenye mfuko wa shati. Mpira mpya tumeufunga, upepo tumeutoa, amelijaribu mwenyewe barabara ya kiwandani mara tano, na kila akirudi anasema bado hajaridhika.

Wataondoka Jumamosi, watalala njiani, na barua hii nampa kondakta wa basi la leo ili ikutangulie. Baba amenipa ujumbe kwako na amenifanya niuandike neno kwa neno: "Mwambie nitafika mpaka getini kwake. Sitashuka garini mpaka yeye mwenyewe atoke, anifungulie mlango." Nikamuuliza, na akikufungulia utamwambia nini? Akarudi kufuta kioo cha gari.

Mimi nabaki na mapazia. Nyumba nzima ni yangu na sijawahi kuwa na wasiwasi kiasi hiki.

Mpwa wako


Tarehe 27 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Wamefika salama, nakuandikia hilo kwanza ili upumue.

Jumapili nilikuwa nimesimama getini tangu asubuhi. Majirani waliniuliza kama nimefiwa. Walifika saa tisa. Mama yako alikuwa mbele, amejifunga mkanda, ananitazama kupitia kioo na uso wake siwezi kukuelezea. Baba yako alizima gari akabaki ameshika usukani. Nilizunguka upande wake. Nikafungua mlango, nikasema, "Nisamehe." Nikalia mbele ya mtaa mzima, na sikujificha. Baba yako alichomoa ufunguo wa gari. Kisha akasema, "Nina kiu." Nikamletea maji, akanywa glasi mbili, akashuka.

Neno la mama yako nimelipata jioni ileile, jikoni, na limechukua saa nzima. Hilo nitalibakiza kati yangu na yeye. Nilistahili kila herufi. Alipomaliza aliosha vyombo na kunitaka nivifute.

Baba yako hanisemeshi sana. Chakula anakisifu akimtazama mkewe. Kwa siku tano hakuniita shemeji, alikuwa akisema "mwenye nyumba". Mwenye nyumba ana sabuni? Mwenye nyumba analala mapema? Nilikubali. Usiku sikulala, mchana sikukaa, nilizunguka nyumba nikinyoosha vitu vilivyonyooka.

Leo asubuhi nilimkuta yuko chini ya gari, miguu tu inaonekana, bomba la moshi limelegea kwa mashimo ya njiani. Spana zangu, nilizozipanga kwa namba zake, zilikuwa barazani nilipoziacha. Nilisimama mbali, sijui nisogee au nirudi ndani. Nikaona mkono wake umetoka, kiganja kimefunguka, akapaza sauti:

"Shemeji! Kumi na tatu!"

Mpwa wangu, kwa umri huu na magoti haya, nilikimbia.

Mjomba wako